Kushuka Kusalimia: Igoma mpaka Ukerewe kwa Baiskeli

Wazee wenzangu wa kijiwe cha kahawa pale Igoma, mmeniuliza mara nne kwa nini nimerudi nachechemea na kwa nini mke wangu, Mama Kulwa, anacheka peke yake jikoni. Kila nikianza kueleza, mmoja wenu ananikatiza na habari za ng'ombe wake. Kwa hiyo nimeandika. Someni kwa zamu, miwani mnayo.

Kwanza sababu, asije mtu akasema uzee umetuchanganya. Mimi nina sukari, mke wangu ana presha, na daktari alituambia tufanye mazoezi pamoja. Hilo neno "pamoja" ndilo lililoleta matatizo. Kila asubuhi tulitoka kutembea upande wa Kisesa, mimi nimetangulia, yeye yuko hatua hamsini nyuma. Nikifika mwisho nageuka, tunapishana njiani, kila mmoja na hamsini zake. Mimi niliona hayo ndiyo mazoezi. Yeye alikuwa na maoni mengine, ila hakuyasema, na mwanamke wa Kihaya akinyamaza usidhani amesahau.

Ndipo Doto, binti yetu wa Dodoma, alipojifungua akaomba mama yake akakae naye mwaka mzima kumlelea mtoto. Mwaka mzima. Mimi sijui hata chumvi inakaa kopo gani. Nilisubiri Mama Kulwa akatae, hakukataa. Hakukubali pia. Alisema twende kwanza Ukerewe kumwona Bibi Mdogo, ndugu wa mwisho wa bibi yangu aliyebaki hai, na twende kwa baiskeli, kwa kuwa nimemhubiria habari za babu na bibi yangu na baiskeli yao kwa miaka arobaini.

"Nataka nione tunavyosafiri wawili," alisema. "Jibu la Doto nitalitoa tukifika Nansio."

Niliogopa. Naandika hivyo hivyo, mcheke mkimaliza.

Igoma mpaka Magu, na shikamoo iliyopotea

Habari za babu mnazijua, maana mmezisikia kwenye kila harusi niliyopewa kipaza sauti. Nililelewa Ukerewe na babu na bibi. Kila Jumamosi walikwenda mnadani Nansio na baiskeli yao nyeusi, na jioni mimi nilisimama kando ya shamba la muhogo kuwangoja. Walitokea vilevile kila mara: babu anatembea, ameshika usukani anasukuma, na bibi amekaa upande kwenye keria, kikapu mapajani, anajifuta jasho kwa ncha ya kanga. Babu alisimama kila nyumba akasalimia. Siku moja nilimuuliza kwa nini hapandi, akanijibu kwamba mtu mwenye adabu hapiti mbele ya watu akiwa juu ya baiskeli. Unashuka, unasalimia, ndipo unapita.

Somo hilo nimelibeba maisha yangu yote, na safari hii nililifanya sheria. Mimi mbele, Mama Kulwa nyuma, na penye mzee yeyote kando ya barabara tunashuka. Aliniuliza kati ya Igoma na Bunda kuna wazee wangapi. Nikamwambia hiyo ni siri ya Mungu. Mpaka tunaiacha Kisesa tulikuwa tumeshuka mara kumi na moja, na jua lilikuwa limeshatukuta.

Karibu na daraja la Simiyu tulimkuta mzee mmoja mwenye mvi nyeupe pee na fimbo mkononi, anauza nyanya. Nikashuka, nikainamisha kichwa, nikampa shikamoo nzito. Akaipokea kwa raha zote na kuniita kijana. Nilifurahi, maana muda mrefu sijaitwa hivyo. Tukaanza kuzungumza. Nikamwambia nilikuwa fundi umeme kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Akasema hata yeye aliwahi kuwa kibarua kiwanda hicho hicho, chini ya fundi mmoja mkali sana ambaye alimfukuza kwa kulala juu ya marobota ya pamba. Halafu akanitazama vizuri. Na mimi nikamtazama. Nilimfukuza mwenyewe, na nimemzidi miaka kumi na miwili.

Nikasimama pale kungoja shikamoo yangu irudi. Alinipa nyanya tatu. Mama Kulwa aliuma midomo mpaka tulipovuka daraja, kisha akasema mtu aliyelala juu ya marobota ndivyo anavyobaki na sura ya kizee, mimi niliyekesha na waya nimebaki kijana. Nilijua ananitania, lakini niliipokea.

Magu tulifika mbavu zinauma. Tulipata matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga na chai ya rangi. Mke wangu alitafuna kwa huzuni. Huko kwao Muleba kitu kisichokuwa ndizi hakiitwi chakula, kinaitwa kusogeza muda. Pale gesti, dada wa mapokezi alitupa vyumba viwili bila kuuliza, eti wazee hupenda nafasi. Nilitaka kubisha. Mama Kulwa alishachukua ufunguo wake.

Magu, Lamadi, Bunda: nyani na breki

Ukipita Lamadi barabara inakaa kando ya hifadhi, na nyani hukaa barabarani kama wenye nyumba. Mama Kulwa alikuwa amenunua kichane cha ndizi mbivu Lamadi, amekifunga kwenye keria yake kwa kamba ya mpira, na tangu asubuhi uso wake ulikuwa umenawiri. Mbele yetu alikuwa mlinzi mzee amekaa kivulini. Sheria ni sheria. Tukashuka, tukaegesha baiskeli, nikaanza: shikamoo, habari za kazi, habari za nyumbani, habari za mvua.

Nyani jike na mwanawe mgongoni alikuja bila haraka, akafungua kamba kwa ufundi nisioweza kuueleza, akaondoka na kichane kizima. Nilipiga kelele. Mlinzi alisema huyo wanamfahamu, ni mzoefu.

Mama Kulwa alimtazama nyani akimenya ndizi ya kwanza. Kisha akaniambia taratibu, "Na huyu naye ni mtu mzima. Ungemsalimia."

Hatukuzungumza tena mpaka Bunda. Mimi mbele, yeye nyuma, na nyuma yangu nasikia kitu kinakwaruza: kri, kri, kri. Nilidhani ni hasira.

Bunda tulimpelekea fundi mmoja chini ya turubai baiskeli ya Mama Kulwa. Akageuza gurudumu, akashangaa. Mipira ya breki, ambayo tuliiweka mipya Igoma, ilikuwa imeisha kabisa. Akamuuliza Mama Kulwa ameshuka mlima gani, maana barabara yote ile ni tambarare.

"Hakuna mlima," alisema mke wangu. "Ni huyu aliye mbele yangu."

Fundi alinitazama, akashusha macho kwenye spana zake. Nilielewa wakati ule ule. Tangu Igoma mama huyu alikuwa anasafiri breki zimeshikwa ili asinipite. Mwanamke wa miaka sitini na mitatu, presha juu, anatumia nguvu zake zote kwenda polepole. Ningeweza kusema kitu pale. Nilisema tule sato kabla hawajaisha.

Bunda mpaka Kisorya: dawa ya magoti

Njia ya Kisorya ina nyumba zilizo karibu na barabara, yaani wazee ni wengi zaidi. Nikaendelea kushuka, sasa kwa ukaidi tu, maana nilishaona Mama Kulwa anahesabu kwa vidole. Kumbe habari zetu zilitutangulia kwa simu. Mtu anayeshuka baiskeli kusalimia kila nyumba, wazee wa njia ile wanajua, ama anagombea ama anauza dawa. Uchaguzi haukuwa karibu.

Kijiji kimoja tulikuta foleni. Benchi zima la watu, magoti yamefunuliwa. Mzee mmoja mrefu alinishika mkono na kusema amesikia nina dawa ya viungo kutoka Mwanza, naye ana haki ya kuanza kwa sababu benchi ni lake. Nilimwapia kwamba sina dawa. Alitabasamu, akasema waganga wazuri wote huanza kwa kukataa. Nikafungua begi langu nimwonyeshe: shati, vidonge vyangu vya sukari, soksi. Akanusa soksi.

Hapo Mama Kulwa aliingilia. Akauliza mkewe yuko wapi. Mkewe akatoka jikoni, mama mnene mchangamfu, mikono ina unga wa muhogo. Mama Kulwa akawasimamisha uani na kuwaambia dawa ni hii: kila asubuhi na kila jioni watembee mpaka ziwani na kurudi, wote wawili, na masharti ya dawa ni kwamba wasipishane hata hatua moja. Mmoja akitangulia, dawa inakuwa sumu. Akawazungusha nyumba mara mbili wajifunze. Mzee alikuwa anatangulia, mkewe akamvuta shati, benchi zima likacheka. Kufikia mzunguko wa pili walikuwa sawasawa, na yule mama anamsimulia mumewe jambo fulani kwa sauti ya chini.

Mama Kulwa hakunitazama hata mara moja. Wenzangu, kuna kusemwa ukiwa umekaa mbele ya watu, na kuna kusemwa kwa mzunguko wa nyumba. Nilipanda baiskeli nikatangulia tena, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kupanda baiskeli. Walitupa muhogo wa kuchemsha wa njiani.

Kivuko, na mama wa shambani

Kisorya kivuko kilikuwa upande wa pili. Tulikaa saa mbili kwenye jiwe tukila dagaa wa kukaanga kwenye gazeti. Nilitaka kumuuliza habari za Dodoma. Nikazungumzia bei za magunia. Yeye alitazama maji.

Tuliposhuka Rugezi, upande wa Ukerewe, nilijisikia mwenyeji, nikawa naonyesha hiki na kile, kuongea sana, kukimbiza baiskeli. Macho yangu, mnayajua, sukari imeyala kidogo. Mbele, kwenye jaruba la mpunga, nikaona bibi mzee amesimama, kitenge kiunoni, kofia ya majani, amenyoosha mkono mmoja kunipungia. Mzee wa Ukerewe ananipungia siku ya kurudi nyumbani. Nilishuka kwa heshima zote, baiskeli bado inakwenda.

Mguu mmoja ulinasa kwenye kamba ya mzigo. Nilianguka mtaroni, gurudumu la mbele likapiga jiwe, goti likapiga gurudumu. Nikiwa kule chini nikasema shikamoo bibi, kwa kuwa nilishaianza.

Bibi hakuitika. Mama Kulwa alifika, akashuka, akamtazama yule bibi kwa muda. Alikuwa ni vijiti viwili vilivyofungwa msalaba, sanamu ya kufukuzia ndege.

Hakucheka, wenzangu. Angecheka ningepona. Alichukua kanga yake akanifunga goti, akaniuliza kama nimeumia pengine. Rimu ilikuwa imepinda. Tulitembea mpaka kwa Bibi Mdogo, mimi nasukuma baiskeli yangu inayoyumba kama ina pepo, yeye anasukuma yake, na kwa mara ya kwanza tangu Igoma tulikuwa sambamba, kwa sababu sikuweza kwenda haraka.

Kwa Bibi Mdogo

Bibi Mdogo ana miaka tisini na kitu, kile kitu anakibadilisha kila mwaka. Amebaki mfupi, mkavu, mwenye sauti. Aliniita mume wangu, kama bibi yeyote anavyomwita mjukuu wake, akamwita Mama Kulwa mke mwenzangu, na akamtaka aeleze kwa nini amemrudishia mwanamume aliyevunjika. Mama Kulwa alimjibu kwamba alimchukua hivyo hivyo, hakupewa risiti. Walipatana pale pale.

Tulikula ugali wa muhogo na samaki, na machungwa baada yake. Mimi, mguu juu ya kigoda, nikaona ni nafasi ya kujirudishia heshima. Nikaanza hadithi ya babu: anavyosukuma baiskeli, bibi amekaa kwenye keria, adabu ya kushuka, mwanamume kutangulia. Bibi Mdogo alinisikiliza mpaka mwisho huku akimenya chungwa.

"Nani alikwambia babu yako alijua baiskeli?" aliuliza.

Nikasema nilimwona mwenyewe.

"Ulimwona anasukuma. Umewahi kumwona amepanda?"

Nilifikiri. Nimefikiri tangu siku ile mpaka leo, na sijapata hata mara moja.

Akasimulia. Babu alinunua baiskeli kwa pamba ya mwaka mmoja mzuri, akajaribu kuipanda siku tatu nyuma ya nyumba, akaangukia mkonge, akaiacha. Bibi alijifunza kwa asubuhi moja. Kuanzia siku ile bibi ndiye aliyenyonga pedeli, kwenda Nansio na kurudi, babu amekaa kwenye keria amebeba kikapu. Wakikaribia nyumba ya kwanza ya kijiji wanashuka, bibi anahamia nyuma, babu anashika usukani na kuanza kusukuma, na watu wanasema tazameni mwanamume anavyomtunza mkewe. Ile adabu ya kutopita juu ya baiskeli babu aliitunga kwa ajili yangu, nilipouliza.

"Na jasho lile la bibi?" niliuliza.

"Jasho la kunyonga. Ulidhani mtu anatoka jasho kwa kukaa?"

Niliona aibu. Miaka arobaini ya harusi za watu, vijana wa watu nimewashikisha usukani. Nikamuuliza Bibi Mdogo kama dada yake hakuwahi kukasirika kufanyiwa vile, kufanya kazi yote halafu sifa ziende kwa mwingine.

Bibi Mdogo alitafakari. "Kile kipande cha mwisho, pale kijijini, kilikuwa kinamuudhi," alisema. "Lakini njiani walikuwa wanacheka. Mimi nilikuwa nawasikia kabla sijawaona. Wanaongea, wanacheka, mdomo wa mmoja uko kwenye sikio la mwingine. Nyinyi mmekuja njia yote hiyo mnaongea nini?"

Mama Kulwa aliinuka kukusanya sahani. Nilitamani aseme neno lolote, hata la nyani.

Kwenda Nansio

Siku ya kuondoka, meli ya Mwanza ilikuwa mchana. Baiskeli yangu ilibaki, itakuja ikishanyooshwa. Jirani wa Bibi Mdogo alikuwa na pikipiki na alishaiwasha, ananingoja mimi. Mama Kulwa alitoa baiskeli yake uani, akaipangusa keria kwa kiganja.

"Pikipiki ile pale," alisema. "Ukitaka ipande, tutakutana bandarini. Ukitaka, hii ina keria."

Alisema kama mtu anayeuliza chai au uji, lakini sijawahi kuulizwa swali kubwa kuliko lile. Goti halikuniruhusu kutanua miguu, kwa hiyo ilibidi nikae upande, miguu pamoja, begi mapajani. Yule wa pikipiki alizima injini ili aone vizuri. Bibi Mdogo alimwambia mke mwenzake asinidondoshe, yeye hana mume mwingine.

Mama Kulwa akanyonga. Mita chache za kwanza tuliyumba, nikashika kiti, halafu kiuno, halafu tukatulia. Wenzangu, yule mama ana mwendo. Upepo ulinipiga masikioni, miti inapita, na breki hazikwaruzi. Sikujua tungesema nini, nikaanza na lililokuwa karibu: nikamwambia samahani kwa breki. Akaniambia breki ni mpira tu. Nikamwambia samahani kwa kutangulia. Hapo akaniambia kwamba miaka yote hii akiangalia mgongo wangu anajua kila kiraka cha kila shati langu, na mimi sijui hata kama bado anaweza kuimba wakati anatembea. Nikasema aimbe. Akasema hana pumzi, ana mzigo. Tukacheka, baiskeli ikayumba, tukacheka zaidi.

Watu tuliwapita. Wazee pia. Niliwasalimia nikiwa juu ya keria, shikamoo ikiruka na vumbi, na waliitika vizuri tu. Wengine walisimama kutazama, mwanamke mmoja akamwita mumewe nje aje aone.

Nansio ilipoanza, nyumba zikabanana na watu wa soko wakajaa barabarani, Mama Kulwa alipunguza mwendo. Hakugeuka. "Hapa watu ni wengi," alisema. "Unashuka?"

Nilimwambia anyonge.

Tulikuwa kwenye kile kimwinuko cha kuingia sokoni, wanafunzi wanatukimbilia pembeni, muuza machungwa anapiga makofi, simu ya Mama Kulwa ikalia ndani ya begi nililolipakata. Alikuwa Doto. Nikapokea. Mwanangu hata hakunisalimia vizuri. Alisema leo ndiyo siku mama aliyoahidi jibu, mume wake anataka kukata tiketi, je, mama anakuja au haji.

Nikaipeleka simu mbele, sikioni kwa mama yake. Akatikisa kichwa, anahema, ametoka nusu kwenye kiti. Nikamuuliza nimwambie nini mtoto.

"Mwambie siji kukaa mwaka," alisema kwa vipande, pedeli hadi pedeli. "Nitakuja wiki mbili, nimshike mtoto, nirudi. Mwambie sasa hivi siwezi kuongea. Nina abiria."

Nikamwambia Doto kama nilivyoagizwa, neno kwa neno. Akauliza kwa mashaka mama amepakia nani kwenye baiskeli, na umri ule.

Sokoni wote walikuwa wananitazama. "Mimi," nikasema kwa sauti, nikakata simu, nikamshika mke wangu kiuno kwa mikono yote miwili.